Kuku Mgeni na Kamba Mguuni

Juma hili napenda tuutazame kwa makini msemo ambao wengi wetu tumeusikia tangu utotoni: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa kawaida twautumia kumsema mtu aliyehamia mahali papya, ambaye hata akijitahidi kufanana na wenyeji, ugeni wake hujulikana. Lakini kabla msemo huu haujawa fumbo juu ya wanadamu, ulikuwa habari ya kuku kweli. Anunuaye kuku mnadani humfunga kamba mguuni asije akapotea, na kwa kamba ile kila apitaye uani hutambua kwamba huyu si wa hapa. Leo nataka tuanze na kuku mwenyewe, kwa sababu wengi wenu mmeniuliza juu ya majogoo wanaoumizana mara tu wanapokutanishwa, na kwa sababu nyuma ya swali hilo yamo maisha ya watu.

Kwetu Singida kuku si kitoweo cha sikukuu peke yake. Matenga ya kuku wa kienyeji hupakiwa kwenye magari kila siku kwenda Dodoma na Dar es Salaam, na kwa fedha ile watoto hupata sare na madaftari, na mgonjwa hupata nauli ya kufika hospitali. Katika kundi dogo la kienyeji jogoo mara nyingi ni mmoja tu. Akifa, matetea wataendelea kutaga, lakini baada ya majuma machache mayai yao hayataangua kifaranga hata kimoja. Basi anayesema kwamba ugomvi wa majogoo ni mchezo wa kuchekesha, hajawahi kutegemea vifaranga kulipia kitu.

Nilipokuwa seminarini tulikuwa na zamu ya kulitunza banda la kuku, na mlezi wetu alikuwa na desturi moja ambayo wakati ule ilituchosha. Hakuturuhusu kushika ufagio kabla hatujasimama mlangoni na kutazama kwa muda. Alituuliza: ni nani amekula kwanza? Ni nani amekimbia? Ni nani amelala juu kabisa? Baada ya majuma kadhaa tuligundua kwamba banda zima lina mpango. Yule tetea wa kijivu humdonoa mweupe, mweupe humdonoa wa madoa, na wa madoa hathubutu kulipiza. Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilielezwa kitaalamu na Mnorwe aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku angali mtoto, na mwaka 1922 akachapisha uchunguzi wake kwa lugha ya Kijerumani. Aliuita utaratibu huo ngazi ya kudonoana. Ngazi hiyo ikiisha kupangwa, amani hupatikana, kwa maana kila mmoja anajua nani wa kumpisha, wala hakuna haja ya kupigana kila asubuhi.

Mgeni akiingia, ngazi hutikisika. Kuku humtambua mwenziwe hasa kwa kichwa chake, yaani umbo la upanga, rangi ya uso na ndevu zake. Asiyemtambua hana daraja kwenye ngazi, na asiye na daraja ni lazima apimwe. Majogoo wawili husimama uso kwa uso, manyoya ya shingo yamesimama kama mwavuli, vichwa chini, kisha huruka na kupigana kwa vifua na miguu. Mara nyingi mmoja hugeuka na kukimbia, mshindi humfukuza hatua chache, na shauri limekwisha. Shauri lisiloisha ni lile ambalo aliyeshindwa hana pa kukimbilia. Na hapa ndipo ile kamba ya mguuni inapokuwa kitu cha hatari.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zikielekea kwisha, bibi mmoja wa kigango chetu cha mbali alifika nyumba ya mapadre mapema asubuhi akiwa amejitwika tenga. Nilimwamkia, naye baada ya kuitika alifunua tenga bila maneno mengi. Ndani alikuwamo jogoo mwekundu wa miaka minne. Upanga wake ulikuwa umepasuka, kichwa kimefunikwa na damu iliyoganda, jicho la kushoto limefumba, na chini ya bawa palikuwa na tundu dogo ambalo mtu asingeliona bila kupekua manyoya.

Habari yake ilikuwa hivi. Afisa mifugo alikuwa amemshauri abadilishe mbegu, kwa sababu jogoo yule sasa alikuwa akiwapanda binti zake mwenyewe, na vifaranga vilianza kuzaliwa dhaifu. Ushauri ule ulikuwa sahihi. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha pili, akaenda mnadani akanunua jogoo wa aina ya kuchi, mrefu wa miguu na shingo, mwenye kifua kipana na hasira za haraka. Kama ilivyo desturi, wakamfunga kamba kwenye mti wa uani ili azoee. Siku mbili yule mzee mwekundu alimwendea mgeni pale alipofungwa akampiga, naye mgeni hakuweza kukimbia wala kuzunguka. Siku ya tatu kijana alimwonea huruma akaikata kamba. Kuchi akalipa deni lote kwa mara moja.

“Baba,” bibi aliniambia, “mjukuu wangu anasema huyu amekwisha kazi yake, tumtie chunguni. Lakini huyu aliachwa na marehemu babu yao. Alfajiri akiwika, mimi husema, haya, mzee ameamka. Sasa niambie, nimchinje au nimponye?”

Sikumjibu upesi, maana ndani ya swali lake yalikuwamo maswali mawili. La kwanza, je, jogoo huyu anaweza kupona? La pili, ambalo ni gumu zaidi, je, akipona ana pa kurudi?

Swali la kwanza lina alama zake. Jogoo aliyeumia akiweza kusimama, akinywa maji, na akipumua bila kukoroma wala kupanua mdomo, kwa kawaida lipo tumaini. Damu nyingi kichwani isitutishe kuliko inavyostahili, kwani upanga una mishipa mingi midogo na hutoa damu sana hata kwa jeraha dogo. Lakini kuku asiyeweza kusimama kabisa, au aliyepasuka tumbo, au ambaye hewa inatokea kwenye tundu la kifuani, huyo asiachwe ateseke siku tatu ili sisi tujione kuwa wenye huruma. Kumchinja mara moja ndiyo huruma yenyewe. Jogoo wa bibi alisimama, akayumba kidogo, akanywa.

Kazi ya kwanza ni kumtenga. Kuku huvutwa na rangi nyekundu, na kundi zima, hata matetea aliowalinda, litaanza kulidonoa jeraha mpaka limuue. Atengwe mahali pakavu, penye giza kidogo na utulivu, kwa sababu mshtuko wa mapigano unaweza kumwua kuku ambaye majeraha yake ni madogo. Apewe maji karibu na mdomo wake, na chakula laini, kama pumba zilizochanganywa na maji ya uvuguvugu.

Kazi ya pili ni damu. Kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa dakika tano hadi kumi bila kuchungulia kila mara. Damu ikikoma, jeraha lisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Maji yamiminwe kwa wingi taratibu, manyoya yaliyogandamana yakatwe kwa mkasi, wala yasing’olewe. Baada ya hapo ipakwe dawa ya ayodini iliyozimuliwa kwa maji mpaka ikafanana na chai ya rangi nyepesi. Jicho lioshwe kwa maji yale ya chumvi peke yake, na ayodini isikaribie hapo.

Nawasihi tuache mafuta ya taa, oili chafu na asidi ya betri, ambavyo nimeona vikipakwa kwenye vidonda vya mifugo. Vitu hivi huunguza nyama iliyo hai na kuua hata ile iliyokuwa tayari kupona. Wengi pia huipenda ile dawa ya zambarau iitwayo GV, na ni kweli rangi yake huficha wekundu. Hata hivyo Wizara ya Afya ya Kanada ilitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba dawa hiyo inaweza kuhusiana na saratani, kwa watu na kwa wanyama. Kwa kuku ambaye yeye au mayai yake yataliwa, afadhali kuiacha.

Tundu la chini ya bawa ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Hilo ni jeraha la kipi, ule mwiba mgumu wa nyuma ya mguu wa jogoo. Mlango wake ni mdogo lakini huingia ndani sana na kubeba uchafu wa mavi. Jeraha la namna hii lisizibwe wala kushonwa. Lioshwe kila siku, liponee ndani kwanza ndipo nje lifunge. Ikumbukwe pia kwamba usaha wa kuku si majimaji kama wetu. Hukauka ukawa kitu kigumu cha manjano kama jibini, kwa hiyo hautatiririka wenyewe. Mahali panapovimba na kuwa pagumu na moto, aitwe mtaalamu wa mifugo. Akipewa dawa ya kuua vijidudu, maandishi ya chupa yafuatwe, pamoja na idadi ya siku ambazo nyama na mayai havipaswi kuliwa. Na wakati wa inzi, jeraha likaguliwe asubuhi na jioni, kwa maana funza huweza kuingia kwa muda mfupi kuliko tunavyodhani. Aliyemtibu kuku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Sasa swali la pili. Kuku akitengwa mbali kwa majuma mawili au matatu, wenzake huweza kumsahau. Akirejea, na hasa kama upanga wake umebadilika umbo kwa kovu, wao hawamwoni jogoo wao aliyekuwa mgonjwa. Wamwona mgeni. Wafugaji wengi hutibu kwa uangalifu mkubwa, kisha siku ya kumrudisha hushuhudia aliyeponywa akiuawa kwa saa moja. Kwa hiyo mgonjwa, akiisha kupata nguvu za siku chache za kwanza, awekwe ndani ya tundu au nyuma ya wavu mahali ambapo kundi linamwona naye analiona, lakini mdomo haufiki.

Njia hiyohiyo ndiyo ya kumpokea mgeni kweli, nayo ina hatua ambazo hazipendi haraka. Kwanza mgeni akae mbali kabisa na kundi kwa majuma manne hivi, kwa ajili ya magonjwa. Mdondo, unaoitwa pia kideri, unaweza kuonekana baada ya siku chache au ukajificha hadi majuma mawili, na ukiingia uani humaliza kundi zima. Wakati huo apewe chanjo ya I-2, ile inayotengenezwa Kibaha, tone moja jichoni, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu kwa kundi lote. Akaguliwe chawa, utitiri na viroboto. Wenyeji walishwe kwanza na mgeni mwisho, ili miguu yetu isihamishe ugonjwa kutoka kwake kwenda kwao.

Baada ya hapo aletwe karibu, nyuma ya wavu au fito, kwa juma moja au mawili. Watamtisha, atawatisha, na baadaye watachoka. Siku ya kuwachanganya, wengine huchagua usiku na kumweka mgeni kwenye kichanja kuku wakiwa wamelala, kwa kuwa gizani hawaoni vizuri. Hiyo husaidia, lakini haitoshi. Mwenye nyumba awepo alfajiri mlango unapofunguliwa. Vyombo vya chakula na maji viwe viwili au vitatu, mbalimbali, asije mmoja akavimiliki vyote. Yawepo matawi, gogo au ubao wa kuegemezwa ukutani, ili anayefukuzwa apate kutoweka machoni. Ni afadhali kuleta wageni wawili au watatu pamoja, wenye umbo linalolingana na wenyeji, kuliko kumtupa mmoja mdogo katikati ya wakubwa.

Mapigano mafupi yaachwe yaishe, kwa maana ukiyakatiza kila mara, swali la nani ampishe nani halijibiwi, na kesho wataanza upya. Tuingilie kati damu inapotoka, au mmoja anapobanwa pembeni, au aliyesalimu amri anapoendelea kupigwa na kunyimwa chakula. Tusiingize mkono wala mguu. Tenga likifunikwa juu ya mmoja linatosha. Ncha ya kipi inaweza kukwanguliwa kwa tupa ili isiwe kali, lakini ncha tu, kwa sababu ndani mna mfupa na mshipa wa damu. Na kamba isitumike kabisa. Kuku aliyefungwa hana njia ya kusema “nimeshindwa”, kwa kuwa lugha ya kuku ya kusema hivyo ni kukimbia.

Kuhusu idadi, jogoo mmoja hutosha matetea wanane hadi kumi. Bibi alikuwa na matetea kumi na wanne na majogoo wawili walioisha kuumizana. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, nasi hatukutafuta kuwalazimisha. Tulihesabu pamoja naye. Matetea wanne walikuwa wazee, wasio binti za yule mwekundu. Hao wangeweza kukaa naye bila kuharibu mbegu. Kumi waliobaki, binti zake, wangekuwa wa kuchi. Kijana yule yule aliyetaka kumtia mzee chunguni ndiye aliyekata fito na kujenga ua wa pili nyuma ya jiko, ameuziba kwa makuti ya majani ili majogoo wasionane. Kundi moja hutoka kujitafutia asubuhi, jingine mchana. Wanasikiana wakiwika, na hilo haliwadhuru.

Jicho la kushoto halikupata kuona tena. Tundu la bawa lilifunga baada ya siku ishirini na kitu. Nilipopita kigangoni mwezi uliopita, mmoja wa matetea wale wanne alikuwa na vifaranga saba. Bibi aliniambia kwamba siku hizi anaamshwa na sauti mbili, na kwamba ile ya kuchi bado haijui saa.

Wapendwa, nimeyafikiri haya kwa muda mrefu kuliko yanavyostahili mambo ya kuku. Sisi mapadre huhamishwa, na ninajua kidogo jinsi ilivyo kufika mahali ambapo kila mtu anajua daraja lake isipokuwa wewe. Lakini tumezoea kumwonea huruma mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza, bibi harusi, mwalimu mpya, mtoto aliyeletwa kulelewa na shangazi. Tunaomsahau ni yule anayerudi. Aliyelazwa miezi mitatu hospitalini, aliyetoka gerezani, kijana aliyeshindwa maisha ya mjini akarejea kwa wazazi wake. Tunadhani kwa kuwa ni wa kwetu hahitaji kupokelewa. Kumbe nafasi yake imeziba, kovu limebadilisha uso wake, na wale aliokula nao wanamtazama kama asiye na daraja. Wakati alipokuwa mbali, ni wangapi kati yetu tulimweka mahali pa kuonekana? Kumtembelea aliye mbali, kumpelekea salamu, kulitaja jina lake mezani, hayo ndiyo yanayoacha njia ya kurudi wazi.

Juma hili siku ya mnada inakaribia, na najua wapo mtakaorudi na jogoo mpya kwapani. Nawaomba mjenge tundu kabla ya kwenda kununua, si baada ya damu kumwagika. Na mwenye mgonjwa au ndugu aliye mbali, amtembelee kabla ya Jumapili.

Nawatakieni juma jema. Tukutane tena juma lijalo.